Kadi Elfu Moja kwa Mpangilio wa Kamusi

Mama mwenzangu mwenye mtoto anayejiandaa na ule mtihani wa Kiingereza wa kuombea masomo ya juu, nakuandikia nikiwa na hasira na sitaki kuipunguza. Mimi niliishia darasa la saba. Ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na Kiingereza changu hakivuki salamu. Lakini haya sikusimuliwa, nimeyaona mwenyewe.

Binti yangu ana digrii yake, anafanya kazi maabara, anapima maji ya bomba. Chuo kimoja cha nje kilimwandikia kwamba nafasi yake ipo, alete tu alama za mtihani kabla mwezi wa sita haujaisha. Sehemu ya hesabu haikumtisha. Kilichomtisha ni maneno, yale magumu ambayo hata wenye lugha yao, aliniambia, hawayatumii wakienda dukani.

Akajiandikisha kwa mwalimu mmoja wanayemwita Kamusi, anafundisha ghorofani juu ya duka la rangi. Kamusi akawapa orodha ya maneno elfu moja yenye namba, na dawa yake ilikuwa moja tu: kuimba. La kwanza mpaka la mwisho na maana zake, kila siku, darasa zima kwa sauti moja, watu wazima wenye tai na mikoba wakipayuka kama chekechea. "Miezi minne tu," aliwaambia, "hata mkiamshwa usingizini mtayajibu."

Nami nikajitia kusaidia. Nilikata kadi kutoka kwenye maboksi ya vitambaa, binti akaandika, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Ili zisipotee nikazitoboa kwa sindano ya magunia na kuzitunga kwenye nyuzi, mia mia, kwa mpangilio ule ule wa Kamusi. Kila jioni nasimamisha mashine, namgeuzia upande wa Kiingereza, mimi nakodolea wa Kiswahili. Hakosi! Mbahili. Mwenye kinyongo. Kisichodumu. Msemaji ovyo. Anamwaga tu kama bomba lililopasuka. Majirani wakipita dirishani wananitania, "Mama Profesa, hujambo?" Nami naitikia, kichwa kimevimba.

Zikabaki siku kumi na tisa kabla ya mtihani. Jioni hiyo uzi wa mia ya tatu ukakatika, kadi zikamwagika chini ya meza katikati ya vipande vya vitambaa. Nikaziokota zilivyokuja, nikamwonyesha ya juu. Akaitazama, akaitazama tena.

"Ngoja, mama. Hiyo siyo zamu yake."

"Zamu gani?"

"Nipe kwanza ile inayoitangulia."

"Na kwenye mtihani utawaomba inayoitangulia?"

Nikampa nyingine, na nyingine. Katika kadi ishirini alipata nne. Midomo yake ilikuwa inacheza, anaanza namba mia mbili na moja na kushuka nayo, kama mtu anayetafuta nyumba kwa kuhesabu milango. Mtihani wenyewe unakupa sentensi yenye pengo, unatakiwa uchague neno linaloingia. Sasa uhesabu milango saa ngapi?

Ugonjwa huo niliujua. Darasa la pili nilisifiwa kwa kusoma kitabu kizima. Siku moja mkaguzi akafunua katikati, akasema soma hapa, nami nikaanza ukurasa wa kwanza. Nilikuwa sijui kusoma hata herufi kumi.

Kesho yake nikatia mkasi wangu mkubwa kwenye mfuko, nikapanda ngazi za duka la rangi. Wapo neno la mia sita na kitu, wanaimba. Kamusi akanyoosha mkono waache.

"Karibu mama! Mama wa nyota wangu huyu."

"Nyota yako nimekuja kuipima, mwalimu."

Nikachukua ukurasa mmoja wa orodha yake mezani, nikaukata vipande vipande mbele yake, neno moja moja bila namba wala maana yake, nikavichanganya mfukoni. Nikampa wa mstari wa mbele kimoja. Akatazama dari. Nikampa wa pembeni yake. Naye akatazama dari. Mmoja huko nyuma akasema, "Mama, hili ni darasa au bahati nasibu?" Wakacheka. Mimi nikampa Kamusi mwenyewe kipande.

Akalisoma lile neno vizuri sana, kwa sauti ya puani. Kisha nikaona midomo inaanza kucheza.

"Unahesabu kutokea ngapi, mwalimu?"

Darasa likalipuka. Kamusi jasho likamtoka. "Mama, na wewe una elimu gani ya kuja kunihoji mimi?"

"Ya darasa la saba. Na imetosha."

Binti yangu hakucheka. Alifunga daftari, akanipita mlangoni bila kunitazama.

Akachukua likizo kazini. Siku hizo zilizobaki alisoma magazeti ya Kiingereza, kila neno akilitungia sentensi, akilitumia hata kwangu mimi nisiyelielewa. Maneno yaliyokaa kweli yalikuwa kama mia mbili. Huo ndio ushauri wangu, mama mwenzangu: ukimshikia mwanao kadi, zichanganye kila siku. Mwulize kutoka kati, mwulize kutoka mwisho, na akijibu mwambie alitumie neno hilo kumsema jirani. Akishindwa, hajui, hata aimbe vipi. Na hao akina Kamusi wapo, wana mabango mapya, wala hakuna anayewapima.

Mtihani akaufanya. Zilipungua alama tatu. Barua ya chuo ikaja kwenye simu yake: wanasikitika, nafasi amepewa mwingine. Aliisoma amesimama mlangoni, koti la maabara mkononi.

"Pole, mwa..."

"Usinipe pole, mama. Nijibu kitu kimoja. Miezi minne umenishikia kadi. Hukuona chochote?"

Ningeweza kusema sikuona. Nani angenibishia, fundi cherehani wa darasa la saba? Lakini niliona. Tangu mwezi wa pili wa kadi niliona. Kadi bado imelala kiganjani mwangu, sijamgeuzia, na jibu limeshamtoka. Si mara moja wala mbili. Na nilijua hakuna mtu anayesoma kadi asiyoonyeshwa. Lakini dirisha lilikuwa wazi, watu wanapita wanasikia, na mimi nilikuwa naona raha.

"Niliona," nikamwambia. "Nikanyamaza."

Alinitazama mpaka nikashusha macho. Kisha akaingia chumbani kwake na kufunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.