Kidole Kilichombeba Babu

Tangu asubuhi Sidi ananitembeza. Kasri, kanisa walimozikwa wafalme, sasa makumbusho; mwanangu huyu ni muuguzi huku Uingereza, na ameomba likizo ya wiki nzima ili mama yake aione nchi. Miguu imenivimba. Mama, kaa hapa kwenye benchi, anasema, nakuletea chai, na kabla hajafika mlangoni kope zinanilemea, benchi linakuwa barabara, na barabara haina mwisho.

Natembea. Nyumba zote ni za vioo, na katika kila kioo napita mimi, mara bibi kizee, mara msichana wa miaka tisa, na kila nikikata kona najikuta nilipotoka. Mbele yangu anakwenda mtu aliyevaa kofia ya mlinzi, na chini ya kofia hakuna uso. Namuuliza, mwenyeji, njia ya kutokea ni ipi? Anasema, kitendawili. Nasema, tega. Kwao hakuwa mgeni, huku hana mwenyeji. Mji mzima unageuka, na nyuma ya kioo amesimama babu yangu. Si mwili wake, ni kigango chake, gogo alilochongewa alipokufa ili roho yake isitangetange, lililosimikwa kando ya nyumba yetu Kaloleni mpaka siku lilipoibwa. Chini yake kuna kikaratasi: Nguzo ya mapambo, mchongaji hajulikani. Anajulikana, napayuka, ni Mzee Ngowa, mimi ndiye niliyemletea maji ya kunywa akichonga! Nani amemleta babu huku? Asiye na uso anajibu, hakubebwa na mkono, alibebwa na kidole.

Kidole ni changu. Nina miaka tisa, mgeni mwenye gari ananiuliza kwa upole ile michongo iko wapi, nami nanyoosha kidole, naye ananipa kopo la biskuti. Asubuhi yake kigango hakipo. Wazee wanasema kakangu Karisa amekiuza, kwani alionekana akiongea na mgeni yule. Karisa anaapa, hawamsikii, baba anamfukuza, nami nimesimama mlangoni na utamu bado mdomoni, sisemi. Nazeeka, sisemi. Sasa nakikumbatia kioo na kulia, babu, ni mimi, si Karisa, na babu ananitazama kama anavyowatazama watalii wote.

Mama! Mama, amka, watu wanatuangalia. Sidi amenishika bega. Namweleza yote, maneno yanakanyagana. Nipigie Karisa simu, mwanangu, sasa hivi, nimwombe radhi. Sidi anaweka kikombe sakafuni, taratibu, anachuchumaa mbele yangu. Mama, anasema, mjomba si tulimzika Aprili? Wewe ndiye uliyemwaga udongo wa kwanza. Natafuta Aprili kichwani, siioni. Natafuta kaburi, udongo, waliaji, hakuna. Basi huenda huku ndiko ninakoota. Nafumba macho kwa nguvu zangu zote, nirudi kule, kabla Karisa hajafa.