Mlango wa Jiko Uwanjani

Mlango wa jiko la Bibi ulikaa kwenye uwanja wa mpira miaka mingi kuliko ile uliyokaa jikoni.

Timu ilipopanda daraja, zamani hizo, wakubwa wa ligi walisema uwanja usio na pa kukalisha watu hauchezewi mechi. Klabu ilikuwa na nguzo na misumari, mbao haikuwa nazo. Basi mashabiki wakaambizana, kila nyumba itoe ubao wake. Mmoja alivunja kitanda, mwingine akang'oa kaunta ya duka. Fundi viatu, yule waliyemwita Kipenga kwa mluzi wake, alileta ubao wa jeneza lililokataliwa na wenyewe kwa kuwa fupi, na mpaka leo husemwa kwamba anayeukalia hachelewi kusimama. Mume wa Bibi alikuwa seremala wa kutengenezea watu milango, lakini siku ile hakuwa na ubao hata wa kuchongea kijiti cha meno. Akamngoja mkewe aende sokoni, akang'oa mlango wa jiko.

Bibi alinuna msimu mzima. Mvua iliingia jikoni, kuku wakaingia, paka wa jirani akajifanya mwenyeji. Lakini Jumamosi ya kwanza mumewe alimpeleka uwanjani akamkalisha juu ya mlango wake, uliolazwa safu ya tatu na komeo lake bado liko pale pale. Wageni wakapata penalti. Bibi hakujua penalti ni mnyama gani. Aliona tu watu wameshika vichwa, naye kwa hofu akasukuma komeo, kama afanyavyo mama yeyote akisikia kishindo nje. Kipa akaudaka mpira. Tangu siku hiyo wageni wakipata penalti nusu ya jukwaa haitazami goli, inamtazama yeye, na utasikia wakimwambia, "Bibi, komea."

Mumewe alipofariki, nafasi yake juu ya mlango haikukaliwa na mtu. Bibi huweka kanga yake hapo.

Sasa Jumatano moja alasiri mwanawe alikuja nyumbani, na hakuketi. Mwanawe huyo ndiye katibu wa klabu, na mtu akija kwa mama yake akakataa kiti, ujue amebeba neno zito. Alizunguka kwanza, akasifu bamia, akauliza habari za goti la mama. Mwishowe akalitoa. Klabu ilikuwa na deni la mwenye mabasi lililoota ndevu, na mwenye mabasi alikuwa amekwenda mahakamani. Dalali wa mahakama angekuja Ijumaa asubuhi. Viti vya plastiki vya viongozi vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa. Kilichobaki chenye thamani ni jukwaa, na yeye kama katibu alikuwa ametia sahihi lichukuliwe.

"Na Jumamosi watu watakaa wapi?" Bibi aliuliza, huku akikata bamia.

Mwanawe akasema hapatakuwa na Jumamosi. Bila jukwaa uwanja utafungwa, timu itaambiwa ikachezee mji wa watu, na huko hakuna shabiki wa kuifuata. Msimu ukiisha, na klabu imekwisha. Alisema hivyo akitazama ukutani.

"Kwa hiyo umeweka rehani mlango wa jiko langu."

"Mama, dawa ya deni kulipa."

"Kulipa kwa chako, mwanangu. Nguzo ni za klabu, misumari ni ya klabu, wapeni. Mbao zilikwenda pale kukaa tu, kama mgeni anavyokaa. Mgeni akikaa sana hageuki kuwa kabati lako."

Mwanawe alisema sheria haiendi hivyo. Bibi akamwambia kwamba yeye hajui sheria inavyokwenda, anajua mlango wake unavyokwenda: ulitoka kwake, unarudi kwake. Akanawa mikono, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwa Kipenga.

Alhamisi, jua likiwa juu na kila mtu akiona, watu walikwenda uwanjani na nyundo. Hawakunong'ona, maana mtu haibi chake. Kila mmoja aliutafuta ubao wake, na kulikuwa na ubishi, kwa sababu mbao zilizokaliwa miaka mingi zinafanana kama wazee. Wenye kitanda waliutambua wao kwa matundu ya kamba. Mjane mmoja alinusa tatu kabla ya kusema huu hapa, wangu ulikuwa wa duka la mafuta ya taa. Kipenga alijitwika ule wa jeneza, watu wakampisha njia kwa heshima ambayo hakuizoea.

Ijumaa dalali alifika na lori na vijana wa kubeba. Alikuta nguzo zimesimama kama meno ya mzee, na misumari imewekwa kwenye kopo, safi, mmoja haukupotea. Alimgeukia katibu. Katibu akasema, kwa sauti isiyo ya mtu mwenye uhakika, kwamba jukwaa la klabu ndilo hilo.

Jumamosi mitaa yote ilijaa mbao juu ya vichwa. Bibi alitangulia. Mlango wake ulishikwa upande mmoja na Kipenga, upande wa pili na mkwewe, mke wa katibu, aliyesema siasa za mumewe hazimhusu. Dalali alikuwa amesimama getini na karatasi yake, na katibu kando yake. Mstari mzima ukasimama.

Dalali aliuliza mali ile ni ya nani.

"Huu ni mlango wa jiko langu," Bibi akasema. "Bawaba zake ziko nyumbani kwenye mkebe, nimezitunza tangu huyu katibu ni mtoto wa kufukuzana na kuku. Kama umetumwa kudai jiko, sema. Kama umetumwa kudai klabu, ingia ndani uikute."

"Na kesho, mama?" dalali akauliza.

"Kesho hakuna mechi. Utaukuta mlangoni, unafunga na kufungua."

Nyuma yake mtu alisema kile cha kwake ni kitanda, na kama dalali anakitaka basi aende kwanza akamwombe ruhusa mke wa mwenye kitanda. Vijana wa lori wakacheka kabla ya mkubwa wao. Dalali alimtazama katibu, akamtaka athibitishe kwamba mbao ni za klabu.

Katibu alitoka kando ya dalali. Kisha akaenda akampokea mkewe upande wake wa mlango. "Huu niliuona ukitoka jikoni," alisema. "Niliwalilia kuku wangu walioliwa na paka." Wakapita.

Mbao zililazwa juu ya nguzo bila msumari, na ukitaka kusimama ilibidi umwage jirani yako kwanza. Kamishna wa mechi alizitazama, akazikanyaga, akaruhusu. Viongozi hawakuwa na viti. Bibi aliondoa kanga yake pale ilipokuwa, akamwambia mwanawe akae.

Dakika za mwisho, bila kwa bila, wageni wakapata penalti. "Bibi, komea." Alisukuma. Komeo likakwama katikati, akasukuma tena kwa mikono miwili, na mpira ukawa umeshaingia.

Kipenga akasema ni kutu.

"Ni kutu," Bibi akasema. "Miaka yote hii linanyeshewa."

Waliondoka wamefungwa na deni liko pale pale, wamejitwika mbao, wakiimba nyimbo za washindi mbele ya lori la dalali. Nyumbani mwanawe alitafuta mkebe, akapigilia bawaba, akausimamisha mlango jikoni. Bibi alilipaka komeo mafuta ya kupikia, akalisukuma na kulivuta mpaka likawa halitoi sauti.

"Usikaze sana misumari hiyo," alimwambia. "Jumamosi tunautoa."