Mwisho Ulioshonwa kwa Uzi wa Buluu

Kasyoka alikuwa fundi wa nguo pale Mutomo, na kwa kila mwanamke aliyempima kiuno alikuwa na maoni mawili: gauni gani limfae, na kitabu gani kimfae. Ya gauni ungeweza kuyapinga. Ya kitabu, thubutu!

Nyuma ya cherehani kulikuwa na rafu ya hadithi tupu, vitabu mia moja na sita. Mwalimu Kalunde, ambaye mchumba wake alikuwa akiahidi harusi mwaka wa saba sasa, alipewa riwaya ambamo msichana anaolewa ukurasa wa arobaini na kujuta hadi wa mia tatu. Alirudi akasema kweli, haraka haraka haina baraka. Abdiya, mke wa mchuuzi wa mbuzi, hakutaka mapenzi wala vita. Alitaka watu wanaokula vizuri. Akapewa hadithi ya mpishi, akairudisha ina madoa ya mchuzi, na Kasyoka akayachukulia hayo madoa kuwa sifa.

Sheria ilikuwa moja: hakuna kusoma mwisho kwanza. Na kwa kuwa aliwajua wanawake wenzake, sura ya mwisho ya kila kitabu aliifunga ukingoni kwa cherehani, uzi wa buluu, mishono midogo midogo. Ukifika hapo, kata. Kitabu kikirudi siku ya pili na uzi umekatwa, hupewi kingine mpaka mvua inyeshe, na Mutomo mvua ni ya kuombewa.

Alhamisi moja Mutanu, mama yake Kyule, alikuja kupunguziwa nguo. Tangu amzike mumewe alikuwa amepoteza inchi nne kiunoni.

"Mama Kyule, unakula?"

"Nakula."

"Unalia?"

"Nitalia saa ngapi?"

Kasyoka aliamini kwamba mfiwa hapewi kitabu cha kuchekesha; ataona umemdharau. Akamtolea hadithi ya mjane mmoja, Loise, ambaye shemeji yake anamsogezea mpaka wa shamba kila msimu. Hakusema kwa nini amechagua hicho. Mutomo nzima ilijua kwamba shemeji yake Mutanu, Mzee Mutie, alikuwa amekwisha kung'oa safu ya mkonge ya mpaka na kuipanda upya hatua thelathini ndani ya shamba la marehemu ndugu yake. Mutomo nzima ilijua, na Mutomo nzima ilinyamaza, maana Mutie alikuwa mzee wa kanisa na kipaza sauti kilikuwa chake.

Hata rafu ya Kasyoka ilisimama kwa hisani yake. Chumba cha ushonaji kilikuwa kwenye ploti ya kanisa, na Mutie alishamwonya: hadithi ni uongo uliopigwa chapa, nikisikia lalamiko moja tu, hayo makaratasi yatoke.

Jumapili, wakati wa mahitaji ya maombi, mmoja aliomba mvua, mwingine akamwombea ng'ombe. Kisha Mutanu akasimama.

"Kuna dada yetu mmoja anaitwa Loise," alisema. "Alifiwa na bwana. Shemeji yake anamsogezea mpaka kila msimu. Sasa mpaka umefika karibu na mlango wa jikoni. Mumwombee."

Kasyoka, benchi ya nne, akayatambua maneno. Ukurasa wa themanini na mbili! Neno kwa neno!

Mutie alishika kipaza sauti akaomba dakika kumi na nne. Aliomba vizuri, tusimnyime haki yake. Alilia. Akamwita yule shemeji fisi, akaomba mikono yake ikauke, na waumini wakaitikia amina mpaka mabati yakatetema. Halafu akatangaza kwamba Jumamosi watamtembelea dada Loise na chakula, na huyo fisi atawatambua.

Wiki hiyo Kasyoka alishona mkono wa gauni mahali pa shingo. Aliogopa, na si kidogo. Wakijua Loise ni wa kitabuni, rafu imekwenda. Basi atasema Loise amehamia Kibwezi. Kibwezi ni mbali, mafuta ni ghali, nani atamfuata?

Jumamosi wakakutana uwanja wa kanisa, wanawake kumi na wawili, na Mutie amejitwika debe la ndengu begani ili awe mfano. Mutanu hakuwepo. Alituma ujumbe kwamba mguu unamuuma, na kwamba nyumbani kwa Loise, Kasyoka anapajua.

"Haya fundi," Mutie akasema, "tuelekeze."

Kibwezi ilikuwa tayari ulimini. Lakini Kasyoka akazikumbuka zile inchi nne, akakasirika, na hasira ikamtoa woga.

"Twendeni," akasema.

Walipopita lambo, Mutie alianza kubaki nyuma.

"Hii njia naijua."

"Vizuri, mzee. Hutapotea."

Walifika penye mkonge mchanga, udongo wake ungali laini. Mbele yake Mutanu alikuwa amesimama mlangoni, mguu mzima kabisa.

"Aiya! Loise ako wapi sasa?" mama mmoja akauliza.

"Loise ako kwa kitabu," Kasyoka akasema. "Ni hadithi. Mimi nilijua nikanyamaza, na hilo ni kosa langu. Lakini shemeji si wa kitabu."

Mwalimu Kalunde akauvuka mkonge, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti, kama anavyowahesabu watoto gwarideni. Alipofika kwenye mashimo ya mkonge wa zamani alisimama.

"Thelathini," akasema.

Mutie akatua debe.

"Makaratasi yatoke Jumatatu," akamwambia Kasyoka.

"Yatatoka, mzee."

"Na mkonge?" Kalunde akauliza.

Wanawake kumi na wawili wakaketi chini kungoja. Walikuwa na siku nzima. Baada ya muda mrefu, Mutie akaomba jembe.

Jumatatu rafu ilitoka, kitabu kimoja kimoja ndani ya viondo, ikahamia sebuleni kwa Mutanu. Yeye akatumia nafasi hiyo kukirudisha kile chake. Kasyoka akafungua ukingo wa sura ya mwisho kwa mazoea. Mshono ulikuwepo. Ila uzi ulikuwa mweusi, na umeshonwa kwa mkono.

"Mama Kyule, uzi huu si wangu."

"Sio."

"Ulikata lini?"

"Alhamisi ile ile. Nilianzia mwisho."

Kasyoka aliujua huo mwisho. Loise anafia jikoni kwa watu, hana hata mahali pa kuzikwa, na majirani wanakuja matangani wakiambiana kwamba wao walijua tangu zamani.

"Nikaona nikifika huko kwa mpangilio wako nitakuwa nimechelewa," Mutanu akasema, akipangusa vumbi kwenye rafu. "Sasa nipe cha kuchekesha."