Tabaka Nne za Uzi wa Lami

Ukimkuta Mkasi mezani kwake pale karakana, kitambaa cheusi kimetandazwa mbele yake na kisu kimetulia mkononi, utadhani kasinzia. Hajasinzia. Kitambaa cha kaboni kina mng'ao wa manyoya ya kunguru aliyetoka kuoga. Ukikisogeza kidogo, mwanga unateleza juu yake kama maji, na mtu mwenye mawazo anaweza kuteleza nao akafika mbali. Na siku hizo Mkasi alikuwa na mawazo.

Mawazo yenyewe ni mdogo wake. Mtaa mzima ulimwita Redio, maana alikuwa msusi wa kupita nyumba kwa nyumba, na kila kichwa alichosuka alikiachia habari mpya: nani kahama, nani kanuna, nani anajifanya hamjui nani. Kisha lori likampitia, mguu wa kushoto ukaondoka chini ya goti. Mwezi wa kwanza watu walifurika kumpa pole mpaka wengine wakakaa kwenye ndoo. Kufikia mwezi wa tano, alibaki na dada yake na saa ya ukutani.

"Nitembee tu, dada," alisema. "Hata kwa kuchechemea. Nifike kwa watu."

Na kazi ya Mkasi, aliyewahi kuwa fundi cherehani, ilikuwa hiyo hiyo: kukata tabaka za kaboni zinazopangwa kwenye kalibu, kisha kubanwa na kuokwa mpaka ziwe unyayo wa mguu wa bandia, mwembamba, uliopinda, unaonesanesa mtu akikanyaga. Wageni wengi alishawakatia. Safari hii alimkatia mtu wa tumbo moja.

Mwenye karakana waliyemwita Baba Tanuri alikuwa, ujanani, mfanyakazi wa kiwanda kinachotengeneza uzi huo. Mchana, chai ikiwa mkononi, alikisimulia kama mtu anayesimulia nchi aliyoiota.

"Uzi wetu huu wa kawaida huanza mweupe, mwanangu. Ni akriliki, ndugu wa uzi wa sweta. Unaupitisha kwenye joko polepole, umevutwa ukakaza, maana ukiulegeza unajikunja kama mtoto aliyenuna. Unageuka njano, unageuka rangi ya asali, kahawia, halafu mweusi. Ndipo unaingia tanuri la pili, digrii zaidi ya elfu moja, lisilo na hewa ya kuunguzia. Ingekuwepo, ungepata majivu. Kwa kuwa haipo, unabaki mifupa yake tu. Ndiyo kaboni."

"Na ule wa lami?"

"Huyo mwingine kabisa. Ni masalia ya mafuta au ya makaa ya mawe, unayayeyusha, unayavuta yawe nyuzi, halafu unamchoma zaidi kuliko unavyomchoma mwenzake. Mgumu huyo, hapindi hata umpigie magoti. Akichoka hakwambii, anakatika. Ndiyo maana tulimweka kwenye ule mkono tuliotengeneza wa kushikilia darubini ya nyota, kitu cha kutulia tu. Kuna na bibi yao, uzi wa rojo la miti. Ukimchoma, sehemu kubwa yake inakwenda na moshi. Siku hizi humkuti ila kwenye moto wa kutisha, huko kwenye matumbo ya roketi."

Mkasi alifumba macho, akaona mto mweupe ukiingia mlangoni na kutokea nyuma ya nyumba ukiwa mweusi, na mdogo wake akitembea juu yake bila kulowana.

Kipande cha kitambaa cha lami kilichobaki kwenye kazi ya darubini kilikuwa kabatini. Baba Tanuri alikigusa kwa adabu, kama nguo ya harusi ya mtu. Mkasi akajiuliza: huyu mgumu kuliko wote, aliyepita moto mkali kuliko wote, anatazamishwa nyota, halafu mdogo wangu nimpe ndugu wa sweta? Siku ya kupanga unyayo wa Redio alitoa tabaka nne za katikati, akaweka nne za lami. Hakumwambia mtu.

Siku ya kujaribu, Redio alikuja na magongo yake. Mpaka anafika ndani, alishajua kila mtu wa foleni ya nje ana watoto wangapi. Akasimama baina ya vyuma viwili vya kushikilia, akakanyaga.

"Vipi?" Mkasi aliuliza.

"Dada, nimekanyaga meza."

"Utazoea."

Baba Tanuri aliinama, akaubonyeza unyayo kwa kidole gumba. "Mgumu kidogo. Lakini vipimo ni vile vile, na mashine ya kuujaribu kwa kuukanyaga ina kazi za watu mpaka wiki ijayo. Nenda nao, mama, uuzoee. Tutaupima ukirudi."

Redio alishaning'iniza mkoba begani. Alitaja nyumba atakazoanza nazo, za ghorofani kwanza, maana huko ndiko habari zimelala muda mrefu. Mkasi aliziona zile ngazi. Aliuona mguu mweusi ukipanda daraja la kwanza, la pili, la saba, kimya kabisa, umechoka bila kusema.

"Uvue," alisema.

"Nini?"

"Vua mguu. Nimeweka uzi wa lami ndani. Tabaka nne. Ni mimi."

Baba Tanuri aliuchukua mguu. Alisimamisha mashine, akatoa kazi ya mtu, akafunga unyayo wa Redio chini ya ule mguu wa chuma unaokanyaga bila kuchoka. Watatu wakasimama kuutazama. Ukakanyaga, ukakanyaga, chai haijapoa vikombeni, ukalia kama biskuti kavu. Vipande viwili.

"Kuna mwingine uliyemfanyia hivi?"

"Huyu tu, baba."

"Lete ufunguo wa kabati. Kuanzia leo unakata mbele yangu."

Akampa. Redio alikuwa amekaa kwenye kigoda bila kusema neno, jambo ambalo mtaa usingeliamini.

"Kwa hiyo uliniandalia ngazi nife, kwa mapenzi," alisema mwishowe.

"Nilitaka upate kilicho bora."

"Nani kakwambia mgumu ndiye bora? Vileteni hapa hivyo vinyuzi."

Alichukua uzi wa lami, akauzungusha kwenye kidole kama anayeanza msuko. Ukakatika vipande vipande. Akachukua ule wa kawaida. Ukazunguka, ukarudi, ukazunguka tena.

"Mteja mwenye nywele kama zile namrudisha kwao," alisema. "Hizi nasuka."

Baba Tanuri alicheka mpaka akavua miwani. Mchana ule ule wakaanza upya, Redio kigodani akisimamia. Aliwaeleza anavyotua kisigino, Baba Tanuri akaongeza tabaka moja ya mshazari, Mkasi akakata. Unyayo ukaokwa, kisha mashine ikaukanyaga siku tatu mchana kutwa, na Redio akainunia siku zote tatu.

Siku ya nne aliuvaa. Mwili ukainuka kidogo kila alipokanyaga, kama mtu anayesukumwa kwa upole na maji. Alizunguka vyuma mara mbili, akaviacha, akatoka.

"Nikusindikize?"

"Una kazi, wewe."

Saa kumi na moja Mkasi alikuwa dirishani nyumbani. Alizisikia kabla hajamwona mdogo wake: hatua ya nyama, hatua ya kaboni, nyepesi, zikasimama mlango wa jirani. Kicheko. Zikaendelea, zikasimama mlango wa pili, zikakaa. Hata nusu ya njia hazikuwa zimefika. Jua likawa la asali ukutani. Kisha hatua zikaanza tena, nyingi sasa, zimechanganyika na maneno, na Mkasi hakuweza tena kujua zipi ni za mdogo wake.