Gema Alilozikwa Pandu

Kwa miaka minne Pandu alikuwa marehemu, lakini alikuwa na mahali. Siku aliyoanza kutokuwepo kabisa ilikuwa siku ya mvua, mwezi wa Septemba 1998, katika kibanda cha masweta pale Shisanhang, mtaa wa nguo za jumla mjini Guangzhou. Aliyeileta habari ni Galina, mama wa Kirusi aliyekuja kununua nguo kama watu wote waliousonga mtaa ule.

Muzdalifa, dada yake Pandu, alikuwa akichagua mzigo wa kupeleka Unguja. Alipomwona Galina anakuja alijiandaa kucheka. Pandu alikuwa amemfundisha mama yule kwamba Waswahili wakikutana husema "marahaba", basi naye kila akimwona Muzdalifa huitoa marahaba yake bila kungoja shikamoo, kama bibi mzaa bibi. Siku ile hakuitoa. Alisimama njiani akichuruzika maji. Wawili hawa hawakuwa na lugha moja. Waliungaunga Kiingereza cha sokoni na maneno machache ya Kichina, na Galina alilichukua lile ambalo kila mgeni hujifunza kwanza, lile wauzaji wanalokutupia saizi yako ikiwa imekwisha.

"Pandu," alisema. "Meiyou."

Hakuna. Hayupo.

Pandu alikwenda Urusi kusomea hali ya hewa, akapelekwa kwenye kituo kimoja pwani ya kaskazini kabisa, ambako bahari huganda na ardhi haiyeyuki. Galina alikuwa mpishi wa kituo hicho, mpaka mishahara ilipokatika akaingia katika uchuuzi. Pandu alikufa kwa kifua, kipupwe kimekaza. Wenzake waliwasha moto juu ya ardhi wapate kuilainisha, wakachimba, wakamzika juu ya gema, ukingo mrefu wa ardhi unaoitazama bahari. Habari ilipofika Unguja, Nassor, kaka mkubwa, alimwambia mama yao asilie sana, kwani ardhi ile haimuozeshi mtu. Pandu amelala vilevile alivyolazwa. Mama aliyashika maneno hayo, na ndiyo yaliyompa usingizi. Muzdalifa naye aliweka nia: kiangazi kimoja afuatane na Galina, akamsomee nduguye Yasini kaburini.

Aprili ya mwaka ule Galina alikuja na swali. Pwani ile inaliwa. Zamani barafu ya baharini iliikinga ardhi karibu mwaka mzima, mawimbi yasipate pa kuanzia. Sasa barafu inawahi kuondoka na kuchelewa kurudi, na maji yanaingia chini ya gema. Watu wa kituo walikuwa wamepanga kuyahamishia bara makaburi ya wenzao. La Pandu wasingeligusa bila neno la jamaa zake, kwa sababu mwenyewe aliwahi kuwaeleza kwamba dini yake ina taratibu zake.

Neno lilikuwa la Nassor. Yeye na Muzdalifa walifanya biashara pamoja, na tangu baba yao afariki hakuna lililopita asilolipitisha yeye.

"Mwambie kaburi la Muislamu si robota, la kuhamishwa leo hapa, kesho kule," alisema. "Na ardhi ngumu kama chuma, itakwenda wapi?"

"Na ikenda, kaka?"

"Ikenda hiyo, dada yangu, ujue na sisi tushakwenda."

Alicheka. Muzdalifa alilipeleka jibu kama alivyopewa.

Sasa, pale kibandani, alimuuliza Galina kwa mikono: vipi? Galina alitazama huku na huku. Akalisogeza rundo la masweta hadi ukingoni mwa meza, akatia vidole chini na kuanza kuyachomoa ya chini, moja moja. Rundo likabaki limening'inia, juu zima, chini tupu. Halafu likaanguka lote kwa pamoja. Mwenye kibanda alipiga kelele. Galina aliinama kuyaokota, na alipoinuka alikuwa analia.

Makaburi mengine matatu yalihamishwa Julai. La Pandu waliliacha, kwa heshima ya neno la ndugu zake, na wakalizungushia mawe ili wahamishaji wasilikanyage. Agosti upepo ulivuma, na baharini hapakuwa na barafu ya kuyazuia mawimbi. Ulipotulia watu walishuka kutafuta. Walikuta matope yanayotiririka.

Nassor, aliyesafiri naye, alikuwa chumbani hotelini akifunga mzigo. Alisikiliza, kisha akasema Mrusi yule muongo, anataka kitu. Baada ya muda Nassor alivaa kofia yake, akaenda msikiti wa mjini ulio kwenye kaburi la sahaba wa Mtume, kwa imamu Mchina anayejua Kiarabu. Aliporudi alikaa kitandani, viatu vyake vimejaa maji.

"Ilijuzu," alisema. "Maji yakilikaribia kaburi, inajuzu kumhamisha. Kaniuliza kwa nini sikuja kuuliza."

Tangu Aprili Muzdalifa alikuwa na maneno aliyomwekea. Aliyatafuta asiyaone. Aliyekuwa mbele yake ni mzee mmoja aliyelowa.

"Mama tumwambie nini?" Nassor aliuliza.

"Wewe ndiye uliyemwambia kwamba haozi."

Nassor aliinuka kitandani. Aliishika tena kamba ya mzigo, akaivuta mpaka vidole vikawa vyeupe, na fundo halikukaza.

Jioni walikwenda kibanda cha simu. Nassor alikuwa wa kwanza kuushika mkono wa simu, akamsalimia mama, akauliza habari za mguu wake, halafu akampa Muzdalifa haraka, kana kwamba unamuunguza. Mama aliuliza kama safari ya kwa Pandu bado ipo kiangazi kijacho. Alikuwa amemtafuta mtu wa kumletea mashada ya udi, ampe binti yake akachome huko.

"Ipo, mama. Inshallah."

Nassor alikuwa amegeuka ukutani.

Kituo kilifungwa mwaka uliofuata, na Galina hakuonekana tena Guangzhou. Hakuna anayeishi kwenye pwani ile. Barafu ya baharini huchelewa kurudi zaidi kila mwaka, na kila kiangazi kipande kingine cha gema huanguka majini.