Nyasi Zilizolazwa Bondeni

Mwaka ule ruzuku ya mbolea ilipoondolewa, bonde la bustani nyuma ya mtaa wa Mazwi lilipatwa na fadhaa. Neno la siku hizo lilikuwa ruksa: ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kumwaga mitumba na redio mpaka mlangoni kwa mtu. Mfuko wa mbolea nao ukapata ruksa yake ya kupanda bei, ukapanda hata wakulima wakawa wanausalimia kwa mbali dukani na kurudi mikono mitupu. Kabichi zikatoka vidude tu, ngumi ya mtoto ni kubwa zaidi. Ardhi ilikuwa imezoea kulishwa, sasa hailishwi, imesusa. Mimi nasema hata ningekuwa mimi ningesusa.

Dominika, mjane wa fundi Oswaldi, alikuwa na robo eka pale bondeni. Chumba alichokaa kilikuwa cha kupanga, mabinti wake wameolewa mbali, na mumewe alishatangulia mbele ya haki. Bustani ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi, miguu inauma, baridi inang'ata. Alipanda vitunguu, kabichi, figiri na maharage, na kila alipoinama pale alijiona bado ni mtu mwenye kazi duniani. Ungemnyang'anya robo eka ile ungekuwa umemmaliza, na yeye mwenyewe alilisema hilo waziwazi kwa kila aliyetaka kusikia.

Basi Aprili, mvua zikiaga, wenzake wakiendelea kulalamika, Dominika akachukua jembe akafanya alichokuwa akifanya bibi yake Zita kijijini. Wafipa wanakiita intumba. Unakata nyasi ndefu pamoja na udongo wake, unazilaza kifudifudi kwa mviringo, unazifunika mpaka pawe na kichuguu cha kufika gotini. Halafu unaacha. Humo ndani nyasi zinaoza taratibu kiangazi kizima, na mvua za Novemba zikianza unavunja, unatandaza, unapanda. Ni mbolea ya bure, ila inadai kungoja, na watu wa mjini subira walishaiuza zamani.

Flavian, mdogo wake marehemu Oswaldi, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya bustani. Akaja na baiskeli yake, akasimama ukingoni, akatikisa kichwa.

"Shemeji, unalaza nyasi? Enzi hizi?"

"Nazilaza. Wewe una mbolea ya kunipa?"

"Sina. Lakini sheria unaijua. Kila mtu alime kwa mkono wake. Novemba tunapita na daftari. Shamba tukilikuta halijalimwa, tunampa anayengoja. Tukilikuta limelimwa na mkono wa mwingine, tunampa huyo aliyelima. Wafanyabiashara wa kabichi za Tunduma wananikaba koo kila siku, wanataka kukodi mashamba ya wajane."

"Novemba utalikuta limelimwa kwa mkono huu huu," Dominika akasema, akaunyoosha mkono wenyewe, umejaa tope mpaka kwenye kiwiko. Flavian akacheka, lakini hakuwa anatania.

Juni ikaja na upepo wake. Wewe ambaye hujakaa Ufipa hujui upepo, unajua kupepea tu. Asubuhi ukungu ulijaa bondeni, vichuguu vya Dominika vikachomoza juu yake kimoja kimoja, na yeye akapita katikati yake polepole, khanga mbili begani, hana hakika kama ameamka. Alichimba shimo dogo kwenye kichuguu kimoja akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Palikuwa na joto. Nje vidole vinakufa ganzi, ndani nyasi zinajipikia kimyakimya. Akabaki hivyo muda mrefu, macho ameyafumba.

Mchana jua likitoka, aliegemeza mgongo kwenye kichuguu, upande usio na upepo, akasinzia. Usingizini aliwaona watu wadogo wa kijani wamelala chali chini ya udongo, wanageuka ubavu, wanavutana blanketi. Bibi Zita alikuwa akipita juu yao peku, anawaambia laleni, laleni, bado. Dominika akiamka alikuta shavu limejaa udongo na moyo umetulia. Sijui kama zile zilikuwa ndoto au la. Yeye mwenyewe hakutaka kujua.

Asubuhi moja kwenye ukungu akamkuta mwanamume amesimama ukingoni, kofia mkononi, kainamisha kichwa. Huyo alikuwa Kashinje, Msukuma aliyehamia Rukwa na ndugu zake na ng'ombe wao. Ndugu walibaki na mifugo huko chini bondeni Rukwa, yeye akapanga chumba Mazwi na mkewe, akawa anawachotea watu maji ya bustani huku akitafuta kipande cha kulima. Kila mwaka aliambiwa angoje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Poleni sana. Ulikuwa ugonjwa gani?"

"Ugonjwa gani tena?"

"Uliowamaliza hawa wote." Akaonyesha vichuguu kwa kofia.

Weee! Dominika alicheka mpaka akakaa chini, akacheka mpaka machozi, akajipangusa kwa khanga akaanza upya. "Si makaburi, baba wee! Ni nyasi tu zimelala humo!" Hakueleza zaidi. Mfipa gani anakaa kueleza kwa nini nyasi zinalazwa? Alidhani kila aliyezaliwa na mwanamke anajua. Tangu siku ile wakawa marafiki, Kashinje akimwagilia kile kipembe cha figiri alichojibakizia mama huyo, na Dominika akimpa fungu la kupeleka kwa mkewe.

Septemba vilima vilichomwa moto, jua likawa jekundu asubuhi na jioni, na majivu ya nyasi yakaanguka hata kwenye chai. Barua ikafika kutoka Kabwe: binti yake Rahel, aliyeolewa kule mwambao wa ziwa, alikaribia kujifungua, na mimba ilikuwa inamsumbua. Dominika akafunga mzigo. Kabla ya kupanda lori alimpitia Kashinje.

"Niangalizie bustani, mwanangu. Nisije nikaaibika mbele ya kamati."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Nenda kwa amani."

Mtoto alichelewa, kisha akaja, wa kike, mzima. Dominika alikaa wiki tano. Joto la Kabwe lilimlegeza. Kila aliposinzia na mjukuu kifuani, aliona vichuguu vyake vinaumuka kama unga wa maandazi, vinapanda, vinapasuka, udongo mweusi unamwagika, na kabichi zinakaa juu yake pana kama beseni. Alimwambia Rahel, "Mwaka huu nitakuletea kabichi moja tu, mtakula wiki." Rahel akamwambia mama anazeeka.

Alirudi mwisho wa Oktoba. Alishuka bondeni moja kwa moja, mzigo bado kichwani, akasimama.

Hapakuwa na kichuguu hata kimoja. Pale palikuwa na matuta marefu yaliyonyooka kwa kamba, udongo mwekundu umechambuliwa safi kama sakafu ya kanisa, na kwenye kona duara jeusi la moto uliokwisha kuzima. Kashinje akaja mbio, uso unang'aa.

"Mama, shikamoo, karibu! Nilipofukua nikashtuka. Kwetu mtu akiishiwa nguvu, anafunika magugu kwa udongo ili watu wasione. Wakija kufukua, anaaibika yeye na ukoo wake. Nikasema, mama miguu inamuuma, kafukia magugu, na mimi ndiye niliyekabidhiwa aibu yake. Tumefanya siku kumi na moja, mimi na mke wangu. Tumeyatoa yote."

"Mmeyapeleka wapi?"

"Tumeyachoma! Hata mzizi haukubaki."

Mzigo ulimponyoka Dominika kichwani. "Umeniua," akasema. "Kashinje, umeniua mchana kweupe." Kisha maneno yakamtoka, ya Kiswahili na ya Kifipa, mengine siwezi kuyarudia hapa. Hayakuwa magugu! Ilikuwa mbolea! Miezi sita ilikuwa inapika, imebaki kuivishwa na mvua, na wewe umeipua sufuria ukamwaga! Alichota udongo akamtupia miguuni. Ulikuwa mkavu, hauna harufu ya kitu. Kashinje aliuangalia udongo, akaliangalia lile duara jeusi, na alipoelewa uso wake ulizeeka pale pale. Hakujitetea. Dominika alilia njia nzima mpaka chumbani, na wiki tatu zilizofuata hakumsemesha neno.

Usiku hakuota tena. Alilala, akaamka, basi.

Novemba, mawingu yakining'inia juu ya milima ya Mbizi, kamati ikapita, Flavian mbele na daftari. Walifika kwa Dominika, Flavian akapiga makofi ya furaha. "Alaa! Hii sasa ndiyo bustani! Shemeji, umeacha mambo ya vichuguu?" Akaingia, akatembea hatua mbili tatu, akainama, akapima tuta kwa macho. Furaha ikapungua.

"Matuta haya marefu si mkono wa kwetu," akasema. "Nani kalima hapa?"

Kashinje alikuwa amesimama pale pale na ndoo zake mbili, na majirani wote walijua. Dominika alitaka kusema mimi, ulimi ukagoma. Akataka kusema yeye, ukagoma pia. Aliogopa, na sioni haya kukwambia kwamba aliogopa vibaya sana. Alimtazama Kashinje, akaona naye anajua. Neno moja tu, na mtu yule aliyengoja miaka angekuwa na robo eka yenye mfereji. Wala hangekuwa anasema uongo.

Kashinje akatua ndoo. "Kalima mama," akasema. "Mimi nilishika kamba tu, nikamwonyesha matuta ya kwetu. Jembe ni lake, mkono ni wake."

"Kweli, shemeji?"

"Kweli," akasema Dominika, sauti haikutoka vizuri, akalazimika kurudia.

Flavian alimwangalia, akamwangalia Kashinje, akaandika jina. Kamati ikaondoka kuelekea mashamba ya juu.

Wakabaki wawili. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka, mazito, kila moja likichimba kijishimo chake kwenye ule udongo mtupu. Kashinje akaokota ndoo zake aende.

"Wewe," Dominika akasema. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Kuanzia kwenye mfereji mpaka pale katikati, ni kwako."

"Mama, mimi siwezi..."

"Nyamaza! Nani kakwambia nakupa zawadi? Umeiharibu mwenyewe, utaitengeneza mwenyewe. Mwaka huu tutakula hizo kabichi za ngumi, mimi na wewe na mkeo. Aprili uwe hapa na jembe, utalaza nyasi mpaka mgongo uombe msamaha. Na ole wako uzifukue kabla sijakwambia."

"Na mwenyekiti akiuliza nani kalima?"

"Mwambie mkono ni wangu. Si ndivyo ulivyosema? Basi kuanzia leo huo mkono wako ni wangu, na nitautumia."

Alisema hayo akigomba, kidole hewani, mvua inamlowesha, na alijua vizuri sana kwamba amekata robo eka yake vipande viwili. Kashinje alikuwa amekatazwa kushukuru. Alivua viatu, akaingia kwenye upande wake, akapiga magoti kwenye udongo uliolowa, akashukuru kwa Kisukuma.