Waya wa Karani

Karani Fabien aliuzungushia mvukuto waya mara tatu, akaukaza kwa koleo la Assani mwenyewe, kisha akabana muhuri wa serikali. Mhunzi alisimama kando, mikono kifuani, akitazama koleo lake likitumika kumfungia kazi.

"Njo sheria mupya, fundi," Fabien alisema. "Bunduki yote itatengenezewa Usumbura, mu ateliye ya serikali. Fundi ya kijiji asiguse tena."

"Na majembe?"

"Mwenye kujua jembe anajua na bunduki."

Ilikuwa mjini Baraka, kando ya ziwa, mwaka wa 1956. Bunduki sita za wawindaji zilifungwa pamoja kama mzigo wa kuni, zikapandishwa boti. Miezi mitatu ikapita, hata moja haikurudi. Majembe yakawa butu bila wa kuyanoa. Viboko wa mto Mutambala nao hawachelewi kujua mahali pasipo na bunduki, wakaanza kuingia kwenye mpunga.

Biro, ofisi ya serikali alikofanya kazi Fabien, ilibakiwa na bunduki moja ya kuwafukuza. Siku ya pili tu ikavunjika resori, kile chuma chembamba kinachorusha nyundo yake. Fabien akaileta kwa Assani, kaifunika kitenge.

"Fundi, tengeneza polepole, bantu basione. Nitakuletea chumvi."

"Chumvi iko. Andika karatasi. Weka jina yangu, weka kazi yangu, weka kama biro njo ilikata ile waya."

"Siwezi kuandika vile. Muzungu atauliza sasa sheria ilikuwa ya nini."

"Hata mi ninauliza."

Fabien akaondoka na kitenge chake. Assani angeweza kuitengeneza ile resori kabla uji haujapoa. Lakini kuifanya kwa kujificha kungemgeuza mwizi ndani ya karakana ya baba yake, na hilo hakulitaka hata kwa gunia zima la chumvi.

Waridi, mke wake, alikuwa amesikia yote. Shamba lake la mpunga ndilo lililopakana na mto.

"Baba Siti, kiboko haisome karatasi," alisema. "Wewe na karani munashindana, mupunga yangu njo inakufa."

Kulipokucha, nusu ya mpunga ilikuwa imekanyagwa ikazama kwenye tope. Waridi aliokota masuke yaliyobaki. Assani aliona haya, tena haya kubwa, na bado hakuukata waya.

Usiku uliofuata viboko walipanda hadi bustani ya yule Mzungu aliyesimamia wilaya, mkuu wa teritwari, wakamaliza kabichi zote. Kabla ya saa tatu asubuhi Fabien alikuwa mlangoni, jasho linamtoka, karatasi mkononi. Assani aliisoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Jina lake lilikuwepo. Kazi yake ilikuwepo, na kwamba biro ndiyo iliyokata waya. Mstari wa mwisho ulisema waya utarudishwa moto ukizimika.

"Ni we uliandika hii ya mwisho?"

"Ni mi. Usijifanye kusahau."

"Sitasahau."

Fabien akakata waya. Assani akawasha makaa, akapasha kipande cha msumeno mkuukuu, akakigonga, akakikunja, akakizamisha katika mafuta ya mawese. Mlio wa nyundo ulifika hadi sokoni, naye hakupunguza mkono. Resori ikakaa mahali pake, na askari akaichukua bunduki mbio kuelekea mtoni.

Fabien akaokota waya wake. "Sasa zima, fundi."

"Moto haiyazimika, bwana karani. Ungoje."

Fabien akayaangalia makaa. Yalikuwa machache, kabla ya adhuhuri yangekuwa majivu. Akaketi juu ya jiwe, waya magotini, akangoja bila wasiwasi.

Ndipo Waridi akatokea upande wa mto, matope hadi magotini, kikapu cha makaa kichwani. Hakumtazama mumewe. Aliyamimina makaa yote motoni, akachutama, akashika mvukuto mwenyewe.

"Jembe yangu njo ya kwanza," alisema.

Nyuma yake, kwenye njia ya mashambani, wanawake walikuwa wanakuja wakifuatana, kila mmoja na jembe begani na kikapu cha makaa kichwani. Moto ukapanda. Fabien akasogeza jiwe lake nyuma kidogo, kwa sababu ya joto.